Picha za angani na misaada wakati wa mafuriko Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wazee wa vijiji, vijana wanaotaka kujitolea, wahudumu wa afya ya jamii na wakazi wa kando ya mito ya Nairobi, Mathare na Ngong. Mengine tuliulizwa mikutanoni, mengine kwenye makundi ya WhatsApp usiku mvua ikinyesha. Kama sasa hivi maji yanaingia nyumbani kwako, achana na ukurasa huu. Panda juu, toa watoto na wagonjwa kwanza, kisha piga 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, au 999 na 112 za polisi.

Picha ya setilaiti inasaidia nini hasa mafuriko yakipiga Nairobi?

Wengi hudhani kazi yake ni kuonyesha maji yalipofika. Kwa Nairobi hiyo ni mara chache sana. Mto Mathare hufurika usiku, maji yakaingia nyumbani hadi kiunoni, na kufikia mchana yameshuka yakaacha matope na takataka. Setilaiti ikipita siku mbili baadaye haina maji ya kupiga picha. Mambo ni tofauti Garissa, Tana River au Budalang'i. Huko nchi ni tambarare na maji hukaa siku nyingi, kwa hiyo picha huonyesha vizuri mashamba na vijiji vilivyozingirwa.

Hapa mjini kazi ya picha ni mbili. Picha ya kabla ya mvua hutuambia nyumba ziko wapi na zimesongamana kiasi gani, vivuko vya miguu viko wapi, ni kichochoro kipi kinapitisha machela na ni barabara ipi inaweza kuingiza ambulensi. Picha ya baada ya mvua hutuambia kilichobaki: kivuko kilichosombwa, ukingo uliomong'onyoka, safu ya nyumba iliyotoweka.

Nikilazimishwa kuchagua moja, nachagua ya kabla. Usiku wa mafuriko, mwokoaji aliyetoka South C au Westlands na hajawahi kukanyaga Mathare hana shida ya kujua kwamba kuna maji, maana anayaona. Shida yake ni kuifikia nyumba yenye mgonjwa. Jibu la swali hilo huandaliwa miezi kabla ya mvua, kutoka kwenye picha iliyo mpya ya kutosha.

Kwa nini mnasisitiza picha mpya? Si Google Maps iko tayari kwenye simu?

Iko, na inasaidia sana. Lakini mitaa yetu hubadilika haraka kuliko picha zinavyosasishwa. Julai 2018 nyumba nyingi zilibomolewa Kibera kupisha barabara. Mwishoni mwa 2021 maelfu ya familia za Mukuru kwa Njenga zilibomolewa makao yao. Mtu anayetumia picha iliyopigwa kabla ya hapo atahesabu kaya zisizokuwepo na kupanga chakula na mablanketi kwa ajili yao, huku mahali waliko kweli hakuna anayewahesabu.

Kinyume chake pia hutokea. Sehemu inayoonekana kichaka kwenye picha ya miaka mitatu iliyopita leo ina vyumba vya mabati mpaka ukingoni mwa mto. Wanaohamia huko mara nyingi ni wapangaji wapya wasio na ndugu karibu, na kodi ni nafuu kwa sababu mahali pana hatari. Ramani ya zamani inawaacha nje watu walewale ambao maji yatawafikia kwanza. Hilo ndilo linalotuuma zaidi katika kazi hii, na ndiyo sababu swali letu la kwanza kwa picha yoyote ni moja: ilipigwa lini?

Nitajuaje tarehe ya picha?

Fungua Google Earth kwenye kompyuta. Kuna sehemu ya picha za zamani inayokuwezesha kurudi nyuma mwaka hadi mwaka, na tarehe huonekana kwenye skrini. Jihadhari na mwaka ulioandikwa pamoja na alama ya hakimiliki pembeni. Huo si mwaka wa kupigwa picha. Watu wazima na akili zao, pamoja na maofisa wanaoandika ripoti, huuchukua kama tarehe na kufanya maamuzi juu yake.

Jambo la pili: picha unayoiona kama shuka moja mara nyingi ni vipande vilivyoshonwa pamoja. Upande wa Huruma unaweza kuwa wa mwaka huu na upande wa Mabatini wa miaka miwili iliyopita. Dalili ni rangi inayobadilika ghafla kwa mstari ulionyooka, au barabara inayokatika na kuendelea kando kidogo. Ukiona hivyo, angalia tarehe ya kila kipande peke yake.

Ni setilaiti zipi, na picha zake zina ukali kiasi gani?

Landsat za Marekani zimekuwa zikipiga picha za dunia tangu 1972, na data yake imekuwa ya bure tangu 2008. Nukta moja ya picha yake, yaani pikseli, ni mita 30 kwa 30. Sentinel-2 za Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa 2015, zina pikseli ya mita 10, hupita mahali pamoja takriban kila siku 5 zikiwa mbili, na picha zake pia ni za bure.

Sasa chukua chumba cha kawaida cha Mathare, futi 10 kwa 10. Hiyo ni takriban mita 3 kwa 3. Ndani ya pikseli moja ya Sentinel-2 vinaingia vyumba kumi hivi, pamoja na mabati yao, kamba za nguo na mtaro. Kwa picha hiyo utaona kwamba mtaa upo na umepanuka, lakini hutahesabu nyumba hata moja. Usikubali mtu akuletee hesabu ya kaya zilizoathirika iliyotokana na picha ya mita 10.

Kuhesabu mapaa kunahitaji picha za kampuni za biashara, ambazo bora zaidi zina pikseli ya sentimita 30 hivi. Hapo paa la chumba huonekana wazi, na gari huonekana kama gari. Bei ni ghali, lakini baadhi ya kampuni hufungua picha zao bure kukitokea janga kubwa. DigitalGlobe, kampuni ya Marekani ya setilaiti iliyokuja kuitwa Maxar, ilianza mpango wa namna hiyo 2017. Picha ya droni ni kali zaidi, sentimita chache tu kwa pikseli, kiasi cha kuona kifuniko cha choo kilichosombwa.

Na mawingu je? Msimu wa mvua si ndio anga hufungwa?

Ndiyo, na hakuna njia ya mkato. Kamera ya kawaida haioni chini ya wingu. Sentinel-2 na Landsat hupita kwetu asubuhi, kati ya saa nne na nusu na saa tano hivi, na hiyo ni bahati kidogo maana mawingu mazito mara nyingi hujikusanya baada ya adhuhuri. Lakini Aprili ya mvua nyingi unaweza kukaa wiki kadhaa bila picha safi hata moja ya Nairobi.

Dawa yake ni rada. Sentinel-1, iliyoanza kurushwa Aprili 2014, hutuma mawimbi yake yenyewe na kupokea yanaporudi, kwa hiyo hufanya kazi usiku na mchana, kuwe na wingu au kusiwe. Mawimbi yakigonga maji tulivu huruka upande wa pili na hayarudi, hivyo maji huonekana meusi. Ramani nyingi za mafuriko ya Tana unazoziona kwenye habari hutengenezwa hivyo.

Tatizo ni mjini. Kwenye kichochoro chenye maji, mawimbi hugonga maji, yakagonga ukuta, kisha yakarudi kwenye setilaiti yakiwa na nguvu kuliko kawaida. Mahali penye mafuriko pakaonekana peupe badala ya peusi. Papo hapo lami pana na laini, kama njia ya ndege ya JKIA, huonekana nyeusi ilhali ni kavu kabisa. Ndiyo maana ramani ya rada ya Nairobi iliyotengenezwa na kompyuta bila mtu anayeujua mji inaweza kuonyesha maji uwanja wa ndege na ukavu Mukuru. Aidha, setilaiti moja ya Sentinel-1 hurudia njia yake kila baada ya siku 12. Mafuriko ya usiku mmoja hupita katikati.

Basi si tutumie droni?

Droni ndiyo chombo kinachofaa zaidi mtaa mdogo wenye mafuriko ya ghafla. Inaruka chini ya mawingu, inapiga mamia ya picha zinazopandana, na programu inazishona kuwa picha moja yenye vipimo sahihi. Kazi ya asubuhi moja inaweza kufunika kijiji kizima kando ya mto.

Lakini usirushe tu. Kenya ina kanuni za ndege zisizo na rubani za mwaka 2020, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Chombo kinasajiliwa, anayekirusha anahitaji leseni, na kuna maeneo yanayohitaji kibali maalumu. Mathare imepakana na kambi ya jeshi la anga ya Moi, Eastleigh. Kibera na Lang'ata ziko jirani na uwanja wa Wilson. Hizi ndizo sehemu zinazofurika, na ndizo hizo anga yake ina ulinzi. Isitoshe, wakati wa uokoaji kunaweza kuwa na helikopta chini chini, na droni ya mtu asiye na mawasiliano nao inaweza kuua. Kibali kitafutwe wakati wa kiangazi na kundi lenye leseni, pamoja na barua ya chifu. Mvua ikifika, karatasi ziwe tayari.

Jambo jingine ni heshima. Droni juu ya choo kisicho na paa au juu ya familia inayoanika godoro lake ni kuingia nyumbani kwa watu. Tangazeni siku moja kabla, kwa kipaza sauti na kwa wazee, mseme ni akina nani wanarusha na picha zinakwenda wapi. Ukirusha kimya kimya katika mtaa ambao umewahi kuvunjwa na tingatinga, watu watakuelewa vibaya, na watakuwa na haki.

Dharura ikitokea, picha hutoka kwa nani?

Kuna mkataba wa kimataifa wa anga za juu na majanga makubwa, ulioanzishwa na mashirika ya anga ya Ulaya na Ufaransa na unaofanya kazi tangu 2000. Mashirika wanachama huelekeza setilaiti zao kwenye eneo lenye janga na kutoa picha bila malipo. Ombi halipelekwi na mtu binafsi. Hupelekwa na taasisi za serikali zilizoidhinishwa au kupitia mashirika ya Umoja wa Mataifa. Ulaya pia ina huduma ya ramani za dharura ya Copernicus, na UNOSAT hutengeneza ramani kwa ajili ya Umoja wa Mataifa.

Hapa Nairobi tuna bahati ambayo watu wengi hawaijui. Kasarani kuna RCMRD, kituo cha kikanda cha upimaji ramani na rasilimali kilichoanzishwa 1975, ambacho kinahudumia nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika. Yaani wataalamu wanaosoma picha za mafuriko ya nchi jirani wako umbali wa nauli ya matatu kutoka Mathare. Vikundi vya mtaani viwaandikie na viwaalike. Mtaalamu aliyetembea Kiamaiko mara moja husoma picha ya Kiamaiko kwa jicho jingine.

Picha inaonyesha nyumba hazipo. Je, niandike kwamba zimesombwa na mafuriko?

Usiandike bado. Hili ndilo kosa kubwa zaidi katika kusoma picha za Nairobi, na 2024 lilionyesha kwa nini.

Mwisho wa Aprili 2024 mvua kubwa ilifurisha mito ya jiji. Nchini kote zaidi ya watu 200 walikufa katika msimu ule. Mwanzoni mwa Mei serikali iliagiza walio karibu na mito wahame, na matingatinga yakaingia Mathare, Mukuru na kwingineko. Kwa hiyo ukilinganisha picha ya Machi na picha ya Juni, utaona ukanda mtupu kando ya mto. Picha haisemi ni nani aliyeufanya mtupu. Nyumba iliyosombwa tarehe 24 Aprili na nyumba iliyovunjwa katikati ya Mei zinafanana kabisa ukiwa juu.

Halafu kuna mabati. Maji yakishuka, mwenye nyumba hung'oa mabati yake upesi kabla hayajaibwa, akayahifadhi kwa jirani au kuyauza apate nauli ya kwenda kwa ndugu. Kutoka juu nyumba hiyo inaonekana imeharibiwa kabisa. Ukiifikia unakuta kuta zimesimama na mwenyewe anasubiri mbao. Upande wa pili, paa likiwa limekaa vizuri, picha inasema nyumba ni nzima, kumbe ndani matope yamefika kwenye kitanda, unga umelowa na vitabu vya shule vimekwisha. Mafuriko huharibu vitu vilivyo chini ya paa, na kamera inaona paa.

Utaratibu mzuri ni huu. Andika kile ulichokiona tu: "paa halipo, picha ya tarehe fulani". Kisha orodha iende kwa mtu wa pale pale, mhudumu wa afya au mzee wa kijiji, aandike sababu na hali ya familia. Tafuta picha zenye tarehe zinazokaribiana iwezekanavyo, moja kabla ya mafuriko, moja baada ya mafuriko na kabla ya ubomoaji. Msaada, fidia na hata kesi mahakamani hutegemea tofauti ya hizo siku chache.

Je, ramani hii haitatumika kutufukuza?

Tunaulizwa hili karibu kila mkutano, na tunalijibu bila kulikwepa. Inaweza kutumika hivyo. Ramani inayoonyesha nani yuko ndani ya mita 30 kutoka mtoni inamfaa mwokoaji na inamfaa vilevile mwenye tingatinga.

Lakini tazama pia upande wa pili. Mwenye kutaka kuvunja hahitaji ramani ya vijana wa mtaa. Ana picha zake na wapimaji wake. Asiyekuwa na kitu ni mkazi. Mukuru ilipotangazwa eneo maalumu la mipango 2017, hoja za wakazi zilikuwa na uzito kwa sababu Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, na washirika wao walikuwa wamehesabu, wakapima na kuandika wenyewe hali ya maisha yao. Kibera nako, kabla ya vijana kuanza kuichora mwaka 2009 kwa mradi wa Map Kibera, ramani nyingi ziliionyesha kama nafasi tupu.

Tunachokataa ni kuchanganya ramani na majina. Kwenye ramani ya wazi weka paa, njia, kivuko, bomba la maji, kliniki, shule. Usiweke jina la mpangaji, namba ya simu, kabila, wala kwamba nyumba fulani ina mgonjwa asiyejiweza. Hizo ni taarifa binafsi zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na zinakaa kwenye daftari la anayehusika, kwa ruhusa ya mwenyewe. Kijiji kikikubaliana kwamba kitu fulani kisichorwe, kisichorwe.

Nataka kujitolea kuchora. Nianzie wapi?

Fungua akaunti ya OpenStreetMap, ramani ya wazi ya dunia inayochorwa na wajitolea, ni bure. HOT, shirika la uchoraji ramani za kibinadamu lililozaliwa baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, lina tovuti inayogawa eneo katika miraba midogo. Unachukua mraba mmoja, unachora mapaa na njia juu ya picha, mwingine anakagua. Haiti ilichorwa juu ya picha na mamia ya wajitolea waliokuwa mbali, huku ripoti za watu walionaswa zikikusanywa kupitia Ushahidi, programu iliyobuniwa kwa ajili ya Kenya 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Mji wetu una historia katika kazi hii, na kijana wa Dandora mwenye kompyuta ya mkopo asijione mgeni.

Makosa tunayoyarekebisha zaidi ni haya. Kwanza, kuchora safu ndefu ya mabati kama nyumba moja, wakati chini yake kuna milango kumi na miwili. Kuza picha, tafuta mstari mwembamba unaotenganisha mapaa au mabadiliko ya rangi ya kutu. Pili, kwenye magorofa ya Huruma au Pipeline picha hupigwa kwa kuinama, paa likaonekana limesogea. Chora pale jengo linapokaa ardhini. Tatu, kuchukua kivuli kama sehemu ya nyumba. Asubuhi jua liko mashariki, kwa hiyo kivuli hulala upande wa magharibi. Nne, picha yenyewe inaweza kuwa imesogea mita kadhaa. Linganisha na barabara zilizopimwa kwa GPS kabla ya kuanza, usije ukahamisha kijiji kizima ng'ambo ya mto.

Naweza kunakili kutoka Google Maps kwenda OpenStreetMap?

Hapana. Leseni hairuhusu, na kazi yako itafutwa. Tumia picha ambazo wenyewe wametoa ruhusa, kama za Bing, ambazo utazikuta tayari ndani ya programu ya kuchorea.

Si kuna akili mnemba inayochora yenyewe sasa?

Ipo. Tangu 2021 Google wametoa data ya wazi ya majengo ya Afrika yaliyotambuliwa na kompyuta kutoka kwenye picha za setilaiti. Kwa mashamba ya Kitui au vijiji vya Kajiado ni msaada mkubwa. Kwenye mabanda yaliyobanana hukosea palepale anapokosea mgeni: mapaa yaliyogusana huwa jengo moja, na lori lililoegeshwa linaweza kuwa nyumba. Tunaitumia kama rasimu. Neno la mwisho ni la anayeishi pale.

Tulituma namba za GPS na waokoaji wakasema ziko Samburu. Imekuwaje?

Alama ya kutoa imepotea. Nairobi iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo namba ya kwanza huwa na alama ya kutoa mbele. Mathare iko karibu na -1.26, 36.86. Ukiandika 1.26, 36.86 umevuka ikweta na uko karibu na Maralal. Ukizibadilisha nafasi, 36.86 kwanza kisha -1.26, uko ndani ya Bahari ya Mediterania, kati ya Hispania na Algeria. Hii hutokea mtu anapoandika kwa haraka, kwa kidole kilicholowa, au akisomewa kwenye simu.

Ukituma namba, ongeza maneno: "kando ya kivuko cha chuma, upande wa Kosovo, nyuma ya kanisa la mabati ya buluu". Kosovo hapa ni kijiji cha Mathare, na bodaboda wa pale atafika kwa maneno hayo haraka kuliko kwa namba.

Hatuna bando na kompyuta ni moja. Tutafaidika vipi?

Pakua ramani ya Kenya mara moja kwenye programu kama OsmAnd au Organic Maps. Baada ya hapo hufanya kazi bila intaneti. Kisha chapeni ramani ya kijiji kwenye karatasi kubwa na kuibandika ofisi ya chifu, kliniki na kituo cha bodaboda, moja ikae ndani ya plastiki kwa mzee wa kijiji. Stima ikikatika, na hukatika mvua ikianza, karatasi ndiyo inayobaki. Andikeni tarehe ya picha chini yake kwa maandishi makubwa.

Kenya haina setilaiti yake?

Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na setilaiti ndogo ya majaribio iliyoachiwa angani Mei 2018, na Taifa-1 ikarushwa kutoka California tarehe 15 Aprili 2023 chini ya Shirika la Anga za Juu la Kenya. Zote ni ndogo na zimewapa wahandisi wetu ujuzi. Kwa dharura bado tunategemea setilaiti za nchi nyingine.

Je, picha hizi zinasaidia ukame pia?

Sana, na pengine huko ndiko zimeokoa wengi zaidi. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hutumia vipimo vya ukijani wa mimea kutoka angani katika taarifa zake za kila mwezi, na tangu 2010 wafugaji wa Marsabit wamekuwa na bima inayolipa malisho yakionekana kukauka, bila mtu kuhesabu mizoga. Kwa kuwa ukame huja polepole, setilaiti ina muda wa kuuona.

Nimetumiwa WhatsApp picha ya angani ya bwawa lililopasuka. Niisambaze?

Subiri. Alfajiri ya 29 Aprili 2024 maji yaliua makumi ya watu Mai Mahiu, na habari ya kwanza iliyozagaa ilikuwa kwamba bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli baada ya njia ya maji chini yake kuziba, kisha tuta likakatika. Tofauti hiyo ina maana kubwa, kwa sababu inakuambia cha kutafuta kwenye picha ya eneo lako: dimbwi linalokua nyuma ya tuta, barabara au ukuta, juu ya mahali watu wanapolala. Picha isiyo na tarehe, mahali wala aliyeipiga haikusaidii kwa hilo, na inaweza kukimbiza watu kuelekea upande wenye maji.

Tuanze lini?

Januari na Februari. Anga ni safi, ardhi imekauka, njia zote zinapitika, na mvua ndefu za Machi hadi Mei hazijafika. Tafuteni picha mpya zaidi ya kijiji chenu, choreni mabadiliko, kisha tembeeni na ramani mkononi mkikagua kila kivuko na kila mtaro uliozibwa. Pimeni kwa machela njia tatu za kutoka mtoni hadi barabara ya lami, maana kichochoro kinachoonekana kipana kwenye picha kinaweza kuwa na ngazi za nyumba zilizotokeza hadi katikati. Rudieni Septemba kabla ya mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, kwa sababu baridi ya Julai na Agosti hufunika jiji kwa mawingu na picha nyingi za miezi hiyo hazifai. Ramani mpya ikishabandikwa, ya zamani ing'olewe siku hiyo hiyo, zisije zikaonekana mbili ukutani na mtu akasoma isiyofaa.